Kupima Mahali kwa Hatua za Mtoto

Somo kwa wazazi wanaohama, na kwa wainjilisti na wazee wanaoombwa shauri

Katika nchi yetu, tangu Shinyanga na Kahama hata Geita, haupiti mwezi pasipo jamaa fulani kufunga mizigo yake na kuhama. Huyu ameajiriwa mgodini; huyu ni mwalimu au mwuguzi aliyepewa kituo kipya; huyu ni fundi wa vyuma; huyu auza mchele na maharagwe, naye hufuata mahali penye watu. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 iliona watu 1,739,530 katika mkoa wa Geita. Hesabu ya mwaka 2022 iliona watu 2,977,608. Mkoa wa Shinyanga nao ulitoka watu 1,534,808 ukafika 2,241,299. Wengine wamezaliwa humu, wengine wamekuja na mizigo yao. Wote wahitaji nyumba, maji na madawati.

Basi mtu ahamapo, aghalabu huuliza maneno mawili tu: Kazi iko wapi? Nyumba ni bei gani? Maswali hayo ni ya haki, maana asiye na kazi hawezi kulisha watoto. Lakini hayatoshi kwa mtu mwenye watoto wadogo. Mtu mzima huondoka asubuhi, hurudi jioni. Bali mtoto wa miaka mitatu hushinda pale pale nyumbani mchana kutwa. Hucheza katika udongo wa pale, hunywa maji ya pale, huvuta hewa ya pale. Na mtoto wa miaka sita huenda shuleni kwa miguu yake mwenyewe. Lutu alichagua bonde la Yordani kwa wema wa malisho yake, asiulize habari za majirani atakaokaa nao. Nyumba yake yote ikapata hasara.

Kwa hiyo neno la somo hili ni moja: mzazi na apime mahali kwa hatua za mtoto, si kwa hatua zake mwenyewe. Shule na mtaa vichaguliwe kwanza, nyumba ifuate. Na ikiwa hapana budi mmoja wao atembee mbali kila siku, na awe mzazi.

1. Kazi hii yatazamiwa kudumu miaka mingapi?

Dhahabu haioti tena kama mtama. Kila mgodi una mwanzo na mwisho wake. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na mji ukakaa miaka mingi pasipo mgodi mkubwa, hata mgodi mpya ulipofunguliwa mwaka 2000. Mgodi wa Buzwagi, karibu na Kahama, ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009, na mwaka 2021 kazi ya kuitoa ikakoma. Miaka kumi na miwili tu, yaani mtoto aliyezaliwa siku za kufunguliwa kwake hakuwa amefika mbali katika masomo ulipofungwa. Mwadui nako almasi zimechimbwa tangu mwaka 1940, tena kwa vipindi vya kazi kusimama na kuanza tena.

Haya ni ya migodi mikubwa. Machimbo ya wachimbaji wadogo ni mepesi zaidi kuhama. Sauti ikisikika kwamba dhahabu imeonekana mahali, watu hukimbilia huko, nao huita jambo hilo rashi. Katika majuma machache huota mji wa maturubai na mabati, wenye vilabu vya pombe na maduka, lakini hauna choo cha kutosha, wala zahanati, wala darasa. Baada ya miezi kadhaa watu husikia habari za rashi nyingine, nao huondoka.

Basi mzazi na aseme wazi moyoni mwake: je, mahali niendapo ni mji, ama ni kambi? Ikiwa ni kambi, yafaa baba aende peke yake kwanza, watoto wabaki na mama yao, au na bibi na babu, mahali walipokwisha kuzoea shule. Kuishi mbalimbali ni taabu, wala hatusemi ni jambo jema lidumu. Lakini mtoto abadilishaye shule mara tatu katika miaka miwili hujifunza kusoma kwa shida sana, maana kila mara huwa mgeni, na kila mara huanza katikati ya somo.

2. Hewa, maji na udongo

Katika nchi ya dhahabu kuna hatari zisizojulikana na mgeni atokaye nchi ya pamba au ng'ombe. Ya kwanza ni zebaki. Wachimbaji wadogo huitumia kukusanya chembe za dhahabu, kisha huichoma ili ibaki dhahabu peke yake. Zebaki ichomwayo haipotei. Hugeuka kuwa mvuke usioonekana, ambao huingia mapafuni, hushika kuta, nguo na vyombo. Huharibu ubongo na mishipa ya fahamu, na mtoto aliye tumboni au aliye mdogo huumizwa kuliko mtu mzima, kwa sababu ubongo wake ungali wajengwa. Ikiingia mtoni na ziwani yaweza kugeuka kuwa sumu katika samaki. Ndiyo iliyowapata watu wa Minamata katika Japani, ugonjwa wao ulipotambuliwa mwaka 1956. Mapatano ya mataifa juu ya zebaki yalipewa jina la mji huo, na Tanzania iliyathibitisha mwaka 2020. Hata hivyo zebaki ingali yachomwa, na mara nyingine huchomwa uani, jikoni au dukani katikati ya nyumba za watu.

Ya pili ni vumbi la karasha, mashine isagayo mawe ya dhahabu. Vumbi hilo jeupe ni la jiwe gumu, nalo huumiza mapafu pole pole. Ya tatu ni maduara yaliyoachwa, yaani mashimo ya machimbo yasiyofukiwa. Wakati wa masika hujaa maji, na mtoto achezaye haoni mwisho wa ukingo. Ya nne ni mabwawa ya tope la migodi. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa Mwadui ulibomoka, tope likafunika nyumba na mashamba ya vijiji vilivyo jirani. Watu waliokaa upande wa juu walitazama. Waliokaa upande wa chini walikimbia.

Basi kabla ya kulipa kodi ya nyumba, zunguka mtaa ule kwa miguu, mara moja mchana na mara moja jioni. Uliza haya: Mwalo wa kuoshea na kuchenjulia dhahabu uko wapi? Upepo wavuma kutoka upande gani? Nani huchoma zebaki, na wapi? Nyuma ya nyumba kuna duara? Nyumba iko chini ya bwawa la tope? Kiwanja kimo ndani ya mipaka ya leseni ya mgodi? Neno hili la mwisho umwulize mwenyekiti wa mtaa na ofisi ya ardhi, wala si mwenye nyumba peke yake, maana mwenye kuuza husifu kitu chake.

Uliza habari za maji pia. Mji wa Kahama na mji wa Shinyanga hupata maji ya Ziwa Viktoria kwa bomba litokalo Ihelele, wilaya ya Misungwi. Kazi hiyo ilizinduliwa mwaka 2009. Lakini bomba kufika mjini si bomba kufika mtaani. Tazama foleni ya ndoo kwenye kioski. Mahali pasipo na maji karibu, watoto ndio wanaotumwa kuyateka, na saa ya kuteka maji ndiyo saa ya shule. Wala usisahau chandarua, kwa maana nchi hii ina malaria nyingi, na mashimo yenye maji huongeza mbu.

3. Njia ya kwenda shuleni

Mtu akisema, “Shule ni karibu,” umwulize: karibu kwa nani? Kwa mwenye pikipiki kilometa nne si kitu. Kwa mtoto wa darasa la kwanza ni zaidi ya saa nzima. Tufanye hesabu: kilometa nne kwenda na nne kurudi ni nane kwa siku. Mwaka wa shule una siku 194 hivi za masomo. Mtoto huyo atatembea kilometa 1,552 kwa mwaka mmoja, nayo yapita njia ya barabara kutoka Mwanza mpaka Dar es Salaam. Usistaajabu akisinzia darasani.

Kwa hiyo iendee njia hiyo wewe mwenyewe, ukimshika mtoto mkono, tena saa ile ile atakayokwenda. Angalia kama yakata barabara kuu ya malori. Angalia kama kuna korongo lijaalo maji mwezi wa Machi na Aprili. Angalia kama yapita kando ya maduara, mialo na vilabu vya pombe. Njia ya mita mia nane ipitayo penye hatari yaweza kuwa mbaya kuliko njia ya kilometa mbili ipitayo kati ya nyumba za watu wanaomjua mtoto. Serikali imeruhusu shule shikizi, yaani madarasa madogo yaliyo chini ya shule mama, ili watoto wadogo wasiende mbali. Mgeni huzipita pasipo kuziona. Basi uliza kama mtaa una shule shikizi, na inafundisha hata darasa la ngapi.

4. Jinsi ya kuitazama shule

Wengi huhukumu shule kwa rangi ya kuta na sare ya wanafunzi. Hayo ni ya nje. Yafaa kuyatazama mambo yafuatayo.

(a) Hesabu ya watoto darasani. Kipimo cha Serikali ni watoto 45 katika chumba kimoja cha shule ya msingi, na 25 katika darasa la awali. Katika miji ya dhahabu kipimo hicho hupitwa mara nyingi, kwa sababu watu waja kwa haraka na vyumba hujengwa kwa kuchelewa. Uliza pia kama shule ina mikondo miwili, wengine asubuhi na wengine alasiri. Kwa maana mtoto wa alasiri hurudi nyumbani jua likizama.

(b) Vyoo. Kipimo ni tundu moja kwa wasichana 20, na tundu moja kwa wavulana 25. Nenda ukaone kama vina mlango na maji. Choo kibaya huwafukuza wasichana shuleni kuliko hesabu ngumu.

(c) Mwalimu wa darasa la kwanza na la pili. Huyu ndiye mwenye kumpa mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwombe mwalimu mkuu ruhusa ya kusimama mlangoni kwa dakika chache. Je, watoto husoma mmoja mmoja, ama wote huimba pamoja maneno yaliyo ubaoni? Mwalimu awajua kwa majina?

(d) Mahudhurio. Uliza habari za siku ya gulio na siku dhahabu ionekanapo. Shule ambayo nusu ya madawati hubaki matupu siku hizo yakuonyesha desturi ya mtaa mzima.

(e) Matokeo ya mitihani. Baraza la Mitihani hutoa matokeo ya darasa la nne na ya darasa la saba kwenye intaneti, shule kwa shule. Usitazame mwaka mmoja, tazama mitatu. Tena linganisha hesabu ya watoto wa darasa la nne na hesabu ya wale wale walipofika darasa la saba. Ikiwa wamepungua sana, uliza walikokwenda.

(f) Gharama. Tangu mwaka 2016 Serikali yatoa elimu bila ada tangu darasa la awali hata kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaongeza kidato cha tano na cha sita. Lakini sare, madaftari, na mara nyingi chakula, ni juu ya mzazi. Shule za watu binafsi zifundishazo kwa Kiingereza zimeongezeka katika Kahama na Geita. Baadhi yake ni njema. Lakini mwenye kuandikisha mtoto huko na ajiulize: nitaweza kulipa hata mwaka ule mapato yatakapopungua? Kumtoa mtoto katikati kwa kukosa ada kwamwumiza kuliko kumwanzisha katika shule ya Serikali na kumwacha humo kwa amani.

Wengine hufikiri kuwatia watoto wadogo katika bweni, wazazi wapate kuzunguka na kazi. Mwaka 2023 Serikali ilikataza bweni kwa watoto wa awali hata darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Sababu yake yaeleweka na kila mama: mtoto wa miaka saba akiugua usiku, au akitendewa ubaya, humhitaji mtu wake.

Mzazi mwenye mtoto asiyeona, asiyesikia, au mwenye ualbino, na aanze hapa kabla ya yote. Katika manispaa ya Shinyanga iko Shule ya Msingi Buhangija, ipokeayo watoto wa namna hiyo pamoja na wenzao. Mtoto kama huyo asipelekwe mahali pageni mpaka mzazi amekwisha kuonana na viongozi wa mtaa na kuuona ulinzi wake, kwa maana mauaji na mashambulio yaliyowapata ndugu zetu wenye ualbino katika nchi hii ya Ziwa hayajasahauliwa.

5. Duara lamvuta mtoto

Hatari iliyo kubwa kuliko zote haionekani siku ya kwanza. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto katika machimbo madogo ya Tanzania, nayo Geita na Shinyanga zilikuwa miongoni mwa mahali palipochunguzwa. Watoto wengine walikuwa na umri wa miaka minane tu. Walishuka mashimoni, walibeba mawe, walishika zebaki kwa mikono. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza mtoto kufanya kazi ya hatari, na kazi ya migodi ni mojawapo.

Haianzi kwa mzazi kumtuma mtoto shimoni. Huanza kwa mtoto kupita penye mwalo akitoka shuleni. Apewa shilingi mia tano kwa kuteka maji. Kesho apewa elfu moja kwa kuponda mawe. Juma la tatu amenunua viatu, na wenzake wamtazama kwa heshima. Tangu hapo maneno ya mwalimu hayana uzito kwake. Mtoto akileta nyumbani fedha ambazo hukumpa, usifurahi kwanza, uliza kwanza. Ndiyo maana mtaa ulio mbali kidogo na machimbo ni ulinzi mkubwa kuliko maonyo mengi.

6. Wakati wa kuhama, na karatasi zake

Mwaka wa shule huanza Januari. Heri kuhama mwezi wa Desemba kuliko katikati ya muhula. Ikishindikana, ngojea likizo ya Juni. Mtoto atakayeanza darasa la awali au la kwanza huandikishwa katika miezi ya mwisho ya mwaka uliotangulia. Basi mzazi mmoja na atangulie kwa ajili hiyo.

Kabla ya kuondoka, chukua kwa mwalimu mkuu barua ya uhamisho, ripoti ya maendeleo, na namba ya mtoto katika mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani. Mwalimu mkuu na afisa elimu watakuongoza jinsi ya kuuthibitisha uhamisho. Chukua pia cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki. Vitu hivi uvitie katika mfuko mmoja usioingia maji, uubebe mkononi, usiutie katika lori pamoja na vitanda.

7. Mfano wa nyumba mbili

Tuseme fundi wa kuchomelea vyuma ahama kutoka mjini Shinyanga kwenda Katoro, pamoja na mkewe na watoto wa miaka mitatu, sita na tisa. Aonyeshwa nyumba mbili. Ya kwanza ina vyumba viwili kwa shilingi 40,000 kwa mwezi, karibu na kazi yake. Lakini karasha iko nyuma ya ua, na shule iko kilometa nne, ng'ambo ya barabara kuu. Ya pili ina vyumba viwili kwa shilingi 60,000. Shule yaonekana kutoka mlangoni, kioski cha maji kiko jirani, lakini kazi iko kilometa tano.

Fundi asema, “Ya pili itanigharimu shilingi 20,000 zaidi, tena na nauli ya bodaboda shilingi 2,000 kila siku. Kwa siku 26 ni 52,000. Jumla ni 72,000. Siwezi.” Hesabu yake ni sahihi, wala tusimcheke. Mkewe amjibu, “Baba Neema, tuchukue chumba kimoja tu mtaa ule wa pili, kwa shilingi 30,000. Nawe ununue baiskeli.” Kilometa tano kwa baiskeli ni nusu saa. Basi wamepunguza shilingi 10,000 katika kodi, na nauli haipo tena. Watasongamana kwa muda, lakini watoto watavuta hewa safi, na yule wa miaka sita atafika darasani hajachoka. Chumba kimoja mahali pema chashinda vyumba viwili mahali pabaya.

8. Sehemu ya usharika

Mgeni hawezi kuyajua haya yote kwa siku mbili, lakini mwenyeji ayajua. Mwinjilisti ajua mtaa gani watu huchoma zebaki. Mama wa jirani ajua mwalimu gani hupenda watoto. Mzee wa kanisa ajua korongo lijaapo. Basi mtu aletapo barua ya usharika wake wa zamani, tusimpokee kwa salamu tu, tumpe na shauri. Yafaa kila usharika ulio katika nchi ya machimbo umteue mtu mmoja wa kuwatembeza wageni wenye watoto: kuwaonyesha shule, maji, zahanati na njia. Kazi hiyo haihitaji fedha, yahitaji asubuhi moja. Na asiye wa usharika wetu akiuliza, aonyeshwe vivyo hivyo, maana watoto wake watapita njia ile ile pamoja na wetu.

Maswali ya kuzungumza

1. Katika mtaa wetu, mtoto wa miaka sita hutembea dakika ngapi kwenda shuleni, naye hupita penye hatari gani?
2. Zebaki huchomwa wapi karibu nasi, na ni nani awezaye kusema na wachomao?
3. Ni watoto wangapi tuwajuao walioacha shule kwa ajili ya machimbo mwaka huu? Nani amekwenda kwao?
4. Jamaa mgeni akifika Jumapili ijayo, nani wetu atawatembeza?